Tembea tena, mara hii "proudly"

Juzi jioni mwanangu wa P.5, darasa la tano, alikuwa anakariri kwa sauti mezani: quick, quickly, slow, slowly, proud, proudly. Alipofika hapo kwenye proudly, yaani kwa fahari, niliacha kumenya matoke.

Jinja, Uganda, shule ya kambini, miaka ya 1990. Sisi watoto wa askari, nyumbani na uwanjani ni Kiswahili, darasani ni Kiingereza. Siku ile mwalimu hakutuandikia kanuni yoyote. Aliandika ubaoni "She walked to the door" na kumwita msichana wa dawati la nyuma, yule ambaye hata akiulizwa jina lake alijibu kwa kunong'ona.

"Nenda mlangoni, slowly." Akaenda. "Sasa quickly." Akaenda mbio, akarudi.

"Kitendo ni kilekile," mwalimu alituambia. "Kielezi ndicho kinachosema ametembea vipi. Haya, proudly."

Msichana alisimama tu. Kandambili yake moja ilikuwa imefungwa kwa waya. Aliinamia sakafu mpaka tukaanza kucheka chini chini. Mwalimu aliinua kidole, tukanyamaza. Hapo msichana akanyoosha mgongo, kidevu kikapanda, akaenda kwa hatua ndefu, mikono ikipanda na kushuka kama ya baba zetu siku ya gwaride. Alipofika mlangoni hakukimbilia kukaa. Aligeuka, akatutazama sote, mmoja mmoja.

Nawaonea huruma watoto wanaopewa vielezi kwa orodha tu.

Somo liliendelea. Tuliambiwa neno lile laweza kuhama: "She proudly walked to the door", "Proudly, she walked to the door". Tuliambiwa pia tusibandike -ly kila mahali. Fast hubaki fast, na hard hubaki hard: "My father works hard" ni sifa, lakini "My father hardly works" ni kusema mzee ni kama hafanyi kazi. Hilo hakuna aliyelisahau, si kambini kwetu. Mwaka uliofuata tulifanya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, tukatawanyika.

Yule msichana alianza kujibu maswali darasani, taratibu, muhula ule ule. Ningependa kusema ni kwa ajili ya somo lile. Ila baba yake naye alikuwa amerudi kutoka vitani kaskazini wiki hizo hizo, na mpaka leo sijui ni kipi kilichomfungua mdomo.