Shuka la bibi, na miaka sita bila pombe

Jumapili iliyopita, ibada ilipokwisha, nilimsikia mtu akimshauri mama mmoja amtoe mwanawe kliniki, eti anayemeza dawa za kuacha pombe hajamwachia Mungu nafasi. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Maneno hayohayo niliambiwa mimi mwaka 2018, na nusura yanizike. Nimenyamaza vya kutosha, acha niseme yaliyonikuta.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Soko la Majengo hapa Dodoma. Ni Mwanglikana wa kuzaliwa, kwaya naimba sauti ya pili. Nilikunywa kama miaka minane, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo hakuna aliyejua, hata mume wangu, maana yeye ni dereva wa malori na wiki mbili kati ya tatu yuko njiani. Kiroba, kile kipakti cha plastiki cha pombe kali, kilikuwa kinaenea kiganjani. Vitatu vinalala kwenye droo ya cherehani chini ya bobini na chaki, mteja amekaa hapo mbele yako na haoni kitu. Nilikuwa nakifungua kwa meno kama mtu anayekata uzi. Halafu karafuu mbili mdomoni, na jioni mazoezi ya kwaya.

Serikali ilipopiga marufuku viroba, Machi 2017, nilipiga magoti kushukuru. Niliamini kabisa Mungu ameniondolea jaribu mbele ya macho. Haikupita wiki nikawa nimeshajua gongo inauzwa nyumba gani. Paulo anasema kwenye Warumi saba, "lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo." Nilikuwa naisoma sura ile nikilia, na chupa iko chini ya kitanda.

Sasa hilo la 2018. Shoga yangu alinipeleka kwenye huduma moja ya maombezi hapa mjini. Wakanipa mfungo mkavu wa siku tatu, bila maji. Kwa hiyo na pombe nikaikata siku hiyohiyo, Alhamisi mchana, ghafla, baada ya miaka ya kunywa kila siku tangu asubuhi. Hakuna aliyeniuliza nakunywa kiasi gani. Ijumaa asubuhi mikono ilitetemeka hata Biblia ikanidondoka. Usiku nililowa jasho, kitenge unaweza kukikamua. Nikaanza kusikia cherehani yangu inashona nyuma ya ukuta, tak-tak-tak bila kupumzika, na nikawaona siafu wanapanda pazia la madhabahu. Nikawaambia. Wakafurahi, wakasema macho ya roho yamefunguka.

Jumamosi kabla ya alfajiri nikaanguka. Yanayofuata nimesimuliwa. Nilikakamaa, nikatupa mikono na miguu, nikajing'ata ulimi. Damu ilipotoka walisema agano linavunjika. Nilipojikojolea walipiga makofi, pepo ameachia. Wanaume wawili walinikandamiza mabega sakafuni, na mwingine anapaza sauti sikioni mwangu, "Toka!" Shoga yangu mdogo wake ana kifafa, akajua anachokiona. Aliwasukuma, akanilaza ubavu, akatoka barabarani kutafuta bajaji. Mlangoni wakamwambia, ukimtoa hapa, damu yake iko juu yako. Akanitoa.

Daktari alinieleza hivi, nami nimeyashika mpaka leo. Pombe inaulegeza ubongo. Ukinywa kila siku kwa miaka, ubongo unajifunza kujikaza ili usilale. Siku unapoiondoa pombe ghafla, ule mkazo unabaki peke yake bila cha kuuzuia. Ndipo mtu anatetemeka, anaona yasiyokuwapo, na degedege linaweza kumpata kati ya saa sita na siku mbili tangu glasi ya mwisho. Siku ya pili hadi ya nne akili inaweza kuvurugika kabisa, na watu hufa hapo. Mnywaji wa kila siku asiikate pombe peke yake nyumbani, hata kama ameokoka jana. Akae mahali penye dawa.

Ungedhani nilipona hapo. Nilirudia mwezi uleule, na kilichonirudisha ni ujumbe kutoka kwa watu walewale: nimekatisha maombi, mlango umebaki wazi, yule pepo amerudi na wenzake saba. Mathayo kumi na mbili. Nikasema kama sasa ninao wanane, najihangaisha na nini? Nikanywa mwaka mzima kwa kukata tamaa. Kunywa huko ni kubaya kuliko kote.

Bibi alikuja kibandani Julai 2019, ana shuka la kupinda. Ni wa umoja wa akina mama kanisani kwetu, mwembamba, anatembea na fimbo. Nikamwamkia, shikamoo bibi. Badala ya marahaba akanisogelea usoni. "Mjukuu wangu, karafuu hizi na mimi nimezitafuna." Akakaa. Akanieleza kwamba ujana wake alikuwa anapika pombe ya mtama huko kijijini, anaionja mpaka jua linazama, na mtoto wake mmoja alikua hajui mama akiwa mzima anaongeaje. Sikuwa nimewahi kusikia Mkristo akilisema hilo bila kupunguza sauti. Nikalia juu ya kitambaa cha watu.

Agosti nikalazwa, siku sita. Dawa za kutuliza zinapunguzwa kila siku, vitamini B1 kwa sindano, dripu. Sikumbuki gharama sawasawa, laki na kitu. Mchungaji wetu alikuja wodini, akaomba kwa ufupi, akamuuliza nesi dawa inayofuata ni saa ngapi ili asinicheleweshe. Ile sala ya dakika mbili naikumbuka kuliko makesha yote.

Kutoka hospitali ni jambo moja, saa kumi na moja jioni ni jambo jingine. Saa hiyo ndiyo yangu. Wateja wameondoka, jua limelala, mdomo wote unakauka na mguu unajua njia ya kwenye gongo. Siku ya kwanza, saa kumi na moja kamili, bibi huyo na fimbo yake, chupa ya uji wa ulezi, na shuka. "Pindo limefumuka, nishonee." Nikashona. Akanipa mia tano. Tukanywa uji, giza likaingia, akanisindikiza mpaka kwangu. Kesho yake saa ileile, shuka lilelile, upande mwingine umefumuka. Nikashona. Mia tano. Siku ya tatu tena. Nikajua uzi wangu ni mbovu, nikabadilisha, nikashona mishono miwili. Limefumuka.

Kama siku ya kumi nililiinua kwenye mwanga. Pembeni yote kulikuwa na matundu madogo ya sindano, mistari juu ya mistari, na kwenye kona moja uzi umekatwa kwa wembe, umenyooka. Yule bibi, macho yake yale, alikuwa anakaa usiku na koroboi anafumua pindo langu ili kesho jioni mikono yangu iwe na kazi. Sikumwambia kwamba nimejua. Naye alijua kwamba nimejua, kwa sababu siku hiyo nilipunguza mishono ili asiumie macho, akatazama, akacheka kidogo. Tuliendelea hivyo mpaka karibu na Krismasi. Zile mia tano nilizitia kwenye kopo la maziwa ya unga, sikuzitumia. Ndiyo iliyokuwa bei ya kiroba.

Bibi hasomi, kwa hiyo huku nashona alikuwa ananitaka nimsomee Biblia. Alipenda Yohana tano, yule mgonjwa wa miaka thelathini na minane. Yesu anamuuliza, "Wataka kuwa mzima?" Naye hajibu ndiyo. Anajibu, "Bwana, mimi sina mtu." Bibi alinisimamisha hapo kila mara. Anaulizwa kama anataka, anasema hana mtu! Nami nilikuwa na watu mia nne kila Jumapili, na waliponiwekea mikono kichwani, hakuna hata mmoja aliyeuliza jioni nakuwa wapi.

Kliniki nesi alinipa karatasi ya zile hatua kumi na mbili za kuacha pombe, za chama cha Alcoholics Anonymous. Zimetoka Marekani. Mwaka 1935 dalali wa hisa aitwaye Bill Wilson, ameacha pombe miezi michache tu, alikuwa mgeni katika mji wa Akron, kiu imemshika hotelini. Akampigia simu mchungaji asiyemjua ili amtafutie mlevi mwenzake wa kuongea naye. Akapatikana daktari Bob Smith, naye hatimaye akaacha. Niliposoma hivyo nikaona ni bibi na mimi. Hatua ya nne inakutaka uandike hesabu ya maisha yako bila kuogopa, na ya tano umsomee mtu. Watu wanafikiri ni mambo ya kigeni, wakati Yakobo ameandika zamani, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa."

Nilinunua daftari. Madeni yakaenda haraka, uongo ukaenda haraka, fedha ya kwaya niliyoichukua nayo nikaiandika (nimeshairudisha). Kisha nikakwama ukurasa mmoja wiki tatu. Juu yake nimeandika 2011 tu.

Mwaka 2011 nilijifungua mtoto wa kike wa miezi minane, hana uhai. Sikuonyeshwa. Mama wakubwa walimchukua, wakaenda kumzika nyuma ya nyumba kijijini kwa mume wangu, bila matanga, bila jina, kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Nikaambiwa Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, usilie, utajizibia wengine. Siku ya tatu maziwa yakaja. Nilifunga kifua kwa khanga, yakapita, yakalowesha gauni, na hakuna aliyesema neno. Mwenzangu wa kibanda cha pili ndiye aliyenipa kiroba cha kwanza, ili nilale. Nikalala.

Nilipomsomea bibi ukurasa ule hakunukuu mstari wowote. Aliuliza, "Ulitaka kumwita nani?" Miaka minane hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamtajia.

Januari 2020 tukaenda kijijini: mimi, mume wangu, bibi na mchungaji. Mama mkwe, mzee sasa, alitutangulia mpaka kwenye mkuyu akaonyesha kwa mkono, na mkono ulikuwa unatetemeka. Nilikuwa nimemchukia miaka yote, kumbe naye alikuwa anapafagia kila Krismasi. Mchungaji alilitaja jina la mwanangu kwa sauti, akasoma Zaburi ya thelathini na nne, "Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo." Nilikaa chini kwenye mchanga nikalia mpaka sauti ikaisha, na safari hii hakuna aliyeninyamazisha. Zile fedha za kopo zilitosha msalaba wa mbao na rangi yake.

Kiu haikuisha siku hiyo. Inakuja mpaka leo, hasa nikisikia mtoto mchanga analia sokoni. Inakuja, inapita.

Kuna jambo watu hawalifikirii, nalo ni kikombe. Kwetu meza ya Bwana ni divai ya kweli, na huu ni mji wa zabibu. Nilimweleza mchungaji, akasema pokea mkate peke yake, umempokea Kristo mzima, hujapungukiwa. Basi kikombe kikifika naweka mkono kifuani, kinapita. Mwanzoni walinong'ona kwamba nina dhambi iliyonizuia. Wengine walinisomea Timotheo, mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Kama una ndugu aliyeacha pombe, msemee kwa mchungaji wake mapema, usimwache asimame pale akichagua kati ya aibu na tone moja.

Yule mama wa Jumapili nimemfuata kwake. Tumeongea mpaka usiku, na kijana harudi nyumbani mpaka daktari aseme. Atatoka Alhamisi. Ni fundi pikipiki, saa yake mbaya ni saa mbili usiku baada ya kufunga. Bibi miguu imemshinda sasa, hatoki nyumbani, lakini nilipomweleza aliniuliza tu kama shuka bado ninalo. Ninalo. Ila huyu hashoni, kwa hiyo nimeongea na jirani mwenye pikipiki mbovu. Alhamisi saa mbili tutakuwa tumeshaisukuma mpaka mlangoni pake.