Mwamba haukuulizi umetoka wapi

Nipo Dar likizo natokea Perth, Australia, na kila nikikaa na watu Coco mihogo ikishaisha swali ni lile lile, eti huko unakoteleza kwenye mawimbi na bodi papa hawapo? Wapo, tena wa kutosha. Ila jamani papa sio ndo anayeninyima usingizi.

Sehemu yenyewe inaitwa Gnaraloo, kama kilomita 150 kaskazini mwa mji wa Carnarvon, na mpaka ufike hiyo Carnarvon ushaendesha kilomita 900 hivi toka Perth. Lami inakufikisha baharini, hapo kuna kibao kikubwa kabisa kinaonya kwamba mawimbi makubwa yanaua, unakata kulia na kuanzia hapo ni vumbi na kutikiswa tu. Maji ya kunywa unabeba mwenyewe. Ukiumia, hospitali ni kulekule Carnarvon ulikotoka.

Sasa wimbi la kule sio la kuchezea. Linazaliwa na dhoruba za mbali huko kusini, linakuja siku kadhaa kwenye kina kirefu halina breki, mara linakutana na mwamba wa Ningaloo, kina kinaisha ghafla, linasimama wima na kujikunja kuelekea kushoto na chini yake ni matumbawe. Msimu ni kama Mei hadi Septemba, yaani huku tukiwa kwenye kusi. Kuna jamaa mmoja alitoka majini mgongo umechanjwachanjwa kama changu anayesubiri kukaangwa, tukamkalisha nyuma ya gari tunamchomoa vipande kwa kibano, mi nimeng'ata tochi mdomoni, na hakuna aliyeshangaa.

Mpwa wangu kaona video basi hanipumzishi, anko nipeleke, anko mi naogelea vizuri. Kuogelea! Nikampeleka Kunduchi kwa mzee mmoja wa pweza, shikamoo marahaba, nikamsimulia. Huyo ndo mtu wa kwanza hapa ambaye hakuniuliza habari za papa. Kauliza, maji yakipwa mwamba mnauona? Na mlango wa kutokea, yaani ule uwazi kwenye mwamba, uko wapi, na mkondo ukiwapitisha mlango mnarudije? Nikamwambia mzee, kule maji hayapandi na kushuka kama bamvua la hapa, lakini hayo mengine ndo yenyewe, sisi tunakaa ufukweni hata saa nzima tunaangalia tu kabla mtu hajalowa mguu. Akamgeukia dogo, we mlango unaujua? Dogo kimya.

Bodi ya sponji nimemwachia, aanze Coco maji yakijaa, kwenye mchanga, aanguke anavyotaka. Baada ya hapo aende na mzee kwenye mwamba wakati wa kupwa auone ulivyo. Habari za Gnaraloo tutaongea nikirudi tena, na nauli ajue ni yake.