Shibiri moja na vidole viwili

Nimeandika na kufuta mara tatu tangu Jumapili. Wacha niseme tu: nilimpima samaki kwa mkono mezani pa Waya, shangazi yangu, naye akaniona.

Mnaomjua Waya mnajua meza yake haichezewi. Kulikuwa na ugali wa wimbi, managu, na samaki aliyekaangwa kisha akatiwa kwenye mchuzi wa nyanya. Akaniwekea sahani yangu. Mbuta (sangara) mzima, kichwa huku, mkia kule, na nafasi ya managu ikabaki pembeni. Hapo ndipo moyo uliponidunda. Mbuta aliyekua haenei sahani, hukatwa vipande. Mkono wangu ukaenda wenyewe: kidole gumba mdomoni mwa samaki, kidole cha mwisho kuelekea mkia, halafu vidole viwili juu yake. Haikuzidi sentimita 25. Kazi hii ya kutetea samaki imeniharibu.

"Umempima," Waya akasema.

"Sijampima, Waya."

"Umempima. Nimekuona."

Nikajaribu kucheka. Alipokataa kucheka nami, nikaingia kwenye ile sauti yangu ya mikutano ya BMU, vile vikundi vya kusimamia fuo za uvuvi (ndiyo, hiyo hiyo mnayonichekea), nikamweleza kwamba mbuta wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, na kwamba wa urefu huu hata kutaga hajataga. Waya alikuwa ananawa mikono. Akanawa hadi akamaliza, akakaa, akamega tonge.

"Nyathina, unamjua fulu?"

"Namjua. Wale samaki wadogo wa ziwani."

"Unamjua kwa vitabu. Mimi nimemla. Nani alimmaliza?"

Nikanyamaza.

"Huyo uliyempima. Sasa unamlilia nini? Kula kabla hajapoa."

Nikala. Nilinyonya mpaka mifupa ya kichwa, na alikuwa mtamu, jambo ambalo limenisumbua kuliko yote.

Juma limekuwa na mambo yake. Gugumaji liliziba ufuo wa Dunga siku mbili mashua zisitoke, kokoro (nyavu haramu za kukokota) zilizokamatwa zikachomwa ufuoni, Alhamisi nikahojiwa redioni. Yote hayo yamepita kama ndoto ya mtu mwingine. Mimi ninapiga mswaki nikisikia "unamlilia nini?" Napanda matatu, "unamlilia nini?" Hata yule mtangazaji aliponiuliza swali la kwanza nilisita, kwa maana nilidhani ndilo hilo.

Ubaya ni kwamba Waya alisema kweli. Mbuta hakuzaliwa ziwa hili letu la Victoria, aliletwa miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameshafagia fulu. Hao fulu hawakuwa samaki wa aina moja. Walikuwa mamia ya aina, wengine hawafiki hata kiganja, na Waya aliwaanika juani akiwa msichana. Jumatatu saa nane za usiku nikapata jibu zuri: kwamba mbuta ndiye anayelisha viwanda vya minofu, ndiye karo ya watoto wa hawa wavuvi, akiisha leo fulu hawatarudi kesho kulipa madeni. Nikakaa kitandani nikajipongeza. Kisha nikakumbuka kwamba baadhi ya fulu wameanza kuonekana tena, na sababu mojawapo ni kuwa mbuta wamevuliwa mno. Waya akijua hilo nimekwisha. Sijamwambia, na wewe dada unayesoma hapa kimyakimya, usimpelekee.

Wenzetu wa pwani wana bahati. Kule Watamu wanatetea kasa, na nani atamwona kasa amuulize mtu analilia nini? Mimi nimeangukiwa na samaki anayekula watoto wake mwenyewe, halafu natakiwa nimwombee huruma kwa watu aliowamalizia mboga.

Basi Ijumaa asubuhi simu ikalia. Waya. Nikapokea nimejikunyata.

"Ile rula yako ya kazi," akasema, "huwezi kunipatia moja?"

Sikuamini. Nilisimama katikati ya barabara mpaka bodaboda akanitukana. Nikamuuliza ya nini. Kumbe kijana anayemletea samaki kwa baiskeli anapanga bei kwa macho. Mkubwa bei hii, wa kati bei ile, na siku hizi wa kati wote wamekuwa wakubwa. Waya ameona bora awe anapima mwenyewe. Mambo ya kutaga hakuyagusa hata kidogo. Ni bei tu.

Nilicheka hadi machozi. Jioni nikamtafutia ubao mwembamba, nikauchora sentimita kwa kalamu ya wino, na kwenye 50 nikapaka rangi ya kucha, nyekundu. Jana nikampelekea. Akaugeuza, akaunusa (Waya hunusa kila kitu), akagusa ile nyekundu kwa ukucha.

"Hii ni ya nini?"

"Urembo tu, Waya."

Akaniangalia muda mrefu. Kisha akautundika msumarini, karibu na ungo.

Nilitaka kulala na furaha hiyo. Lakini nilipofika nyumbani nikakuta ujumbe wa mwenye nyumba: "Jumapili uwepo, kuna jambo tuongee." Basi, hakuna zaidi. Kodi nimelipa. Nimemuuliza jirani wa chini kama naye ameupata, akasema hapana. Nikamuuliza wa mkabala. Naye hapana.