Daktari kwenye simu, faili haijulikani iko wapi
Jana nimemuona daktari nikiwa nimekaa kitandani, kwa video tu, ananiambia sogeza mkono kwenye mwanga, geuza, hapana rudisha, bado havionekani, mpaka nikawa najicheka mwenyewe na vipele vyangu. Dakika kumi dawa nimeshaandikiwa. Kasheshe ikaja alipotaka nipime damu, nafika hospitali kubwa wananiuliza faili, kumbe mfumo wao na wa ile kampuni ya daktari wa video havisomani kabisa, ikabidi niwaonyeshe skrinishoti 😂😂 Na hizi huduma wala sio mpya kihivyo, kampuni ya Teladoc ya Marekani ipo tangu 2002, sema korona ya 2020 ndo ilitusukuma wengi huko. Majibu ya damu nasubiri, sijui wanamtumia nani.