Mbwa katuvunja mbavu

Jana nimemcheki Superman wa James Gunn pale Mlimani City. Filamu inaanza jamaa keshapigwa, kalala kwenye theluji anavuja damu. Anapiga mluzi, anatokea mbwa wake Krypto na kijoho chake chekundu. Badala ya kumwokoa, anamrukiarukia kifuani! Ukumbi mzima kicheko. Mzee mmoja nyuma yangu, bisi mdomoni: "Huyu mbwa wa Manzese kabisa!"

Mdogo wangu kanuna mpaka kwenye daladala. Eti shujaa gani anapigwa hivyo? Yeye anamtaka Henry Cavill, yule Superman wa 2013 aliyekunja sura muda wote. Mimi huyu Corenswet anayemcheza safari hii namwelewa, ana aibuaibu na anaumia kama sisi. Ila kwenye ule ulimwengu wa mfukoni, yaani kiulimwengu cha pembeni cha adui yake Lex Luthor, nilisinzia kidogo, nisiwadanganye.