Chini ya Magenge ya Alkefjellet

Meli yetu iling'oa nanga Longyearbyen, katika visiwa vya Svalbard vilivyo chini ya Norwei, ikazunguka kaskazini mwa kisiwa cha Spitsbergen na kuingia mlangobahari wa Hinlopen mwishoni mwa Julai, msimu ambao jua la huko halitui hata usiku wa manane. Nilikwenda kwa ajili ya jambo moja: kuwaona makinda wa gilemoti, ndege wa baharini, wakijitupa majini kabla hawajaweza kuruka.

Alkefjellet ni ukuta wa mawe meusi unaopanda zaidi ya mita 100 kutoka majini, na humo huzaliana jozi zipatazo 60,000 za gilemoti wa Brünnich. Tulisogea kwa boti la mpira hadi chini yake, tukalakiwa na harufu kali ya kinyesi na kelele zisizokatika. Ndege hao weusi mgongoni na weupe kifuani walisimama wima, wamebanana bega kwa bega. Hawajengi kiota, jike hutaga yai moja juu ya mwamba mtupu, nalo limechongoka upande mmoja, umbo linalolisaidia kutulia penye mteremko. Mabawa yao mafupi huwachosha angani, lakini majini huwa makasia, na wamewahi kupimwa wakizama zaidi ya mita 200 kufuata samaki. Inasikitisha kwamba tangu miaka ya 1990 idadi yao Svalbard imekuwa ikipungua.

Ilipofika jioni, kinda mmoja wa wiki tatu hivi alisogea ukingoni huku baba yake akimwita, akasita, kisha akajirusha akipigapiga vibawa visivyoweza kumbeba. Alifika majini salama. Mwingine aliangukia mawe, na mbweha aliyekuwa akivizia chini akamchukua mara moja. Ndiyo maana makinda wengi hujirusha kwa pamoja, ili adui asiwamalize.

Baba na mwana walitafutana kwa sauti katikati ya mamia ya wengine, wakakutana, wakaanza kuogelea. Kwa wiki kadhaa baba humlisha baharini, na baba huyo hupukutika manyoya ya mabawa, hivyo wote wawili husafiri bila uwezo wa kuruka. Mama hubaki gengeni kwa siku kadhaa zaidi, akilinda mahali pake pa kutagia.