Ankou kwa rangi za maji: kofia kwanza, fyekeo baadaye

Wachoraji wengi wakimchora Ankou, mtumishi wa kifo mwenye fyekeo katika masimulizi ya Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, humvisha joho jeusi linalofunika kichwa. Hilo si vazi lake. Katika masimulizi yaliyokusanywa na Anatole Le Braz na kuchapishwa mwaka 1893, Ankou ni mtu mrefu, mwembamba mno, mwenye nywele ndefu nyeupe na kofia pana. Wengine humsimulia kama mifupa iliyovikwa sanda, kichwa kikizunguka shingoni ili asipitwe na mtu. Anayefariki wa mwisho katika mwaka kwenye parokia ndiye hushika kazi hiyo ya utumishi wa kifo mwaka unaofuata.

Ukitaka umbo lake, tazama sanamu yake ya mbao iliyoko kanisani Ploumilliau, au ile ya mawe kwenye nyumba ya kuhifadhia mifupa ya wafu ya La Roche-Maurice, ambako ameshika mshale juu ya maneno ya Kifaransa yasemayo "nawaua nyote".

Kofia pana ni bahati kwa mchoraji wa rangi za maji. Inakupa ukingo mmoja mkali, na vyote vilivyo chini yake unaweza kuviachia ukungu.

Tumia karatasi ya pamba tupu, gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye mparuzo wa wastani. Ya bei nafuu hukauka kwa mabaka kabla hujamaliza. Ibandike ubaoni kwa utepe pande zote nne. Chora kwa penseli nyepesi, umbo lisizidi theluthi moja ya urefu wa karatasi, kisha kinga nywele na bapa la fyekeo kwa utomvu wa mpira wa kuzuia rangi. Brashi ya kupakia utomvu ichovye kwanza kwenye maji ya sabuni, la sivyo nywele zake zitagandamana.

Kwa ukungu, changanya ultramarine (buluu nzito) na siena iliyochomwa (kahawia nyekundu). Zote mbili zinafutika kwa brashi nyevu, na chembe za ultramarine hutua kwenye vishimo vya karatasi na kutoa ukwaruzo wa mawe ya matale ya kule. Siena ikizidi kidogo chini, unapata kahawia ya nyasi za Monts d'Arrée, vilima vya Bretagne, wakati wa baridi. Nili (indigo) usiiguse bado: nyingi za kwenye tyubu zina rangi nyeusi ndani yake, na zikishaingia karatasini hazitoki.

Lowesha karatasi yote, paka ukungu, inamisha ubao kidogo, subiri. Hapa ndipo picha nyingi huharibika. Inama utazame uso wa karatasi kwa ubavu. Maji yakiwa bado yanasimama, mwili wa Ankou utatawanyika wote. Mng'ao ukiwa umeshapotea, brashi yenye maji itasukuma rangi na kuacha madoa yenye kingo za kukunjamana, kama koliflawa. Wakati wako ni ule mng'ao mwembamba katikati ya hali hizo mbili. Paka mwili kwa rangi nzito, brashi iwe kavu kuliko karatasi, na miguu usiimalizie kabisa. Ongeza giza kuliko unavyodhani inatosha, kwa maana rangi hupauka ikikauka.

Karatasi ikishakauka kabisa, kofia ipigwe kwa nili, mkupuo mmoja. Ankou husafiri kwa mkokoteni, na mhimili wake husikika ukilia kabla mkokoteni haujaonekana, kwa hiyo gurudumu moja lililochorwa kwa brashi kavu linatosha.

Sasa ondoa utomvu kwa kidole safi. Kingo za nywele zilainishe kwa brashi nyevu, lakini bapa liache na ukali wake. Fyekeo la Ankou limefungwa kinyume: makali yanatazama nje, naye hulirusha mbele badala ya kulivuta. Basi tia kivuli chembamba upande wa mgongo wa bapa, ule unaomwelekea yeye, na weupe wa karatasi ubaki upande wa nje.